Hifadhi ya Milele

Jamhuri ya Mbelembele huwezi kuikuta kwenye ramani, kwa sababu wenyewe walikataa kuchorwa. Walisema ramani huonyesha mahali nchi ilipo, na wao hawapo mahali, wanakwenda. Wapi, hawakusema. Lakini kila ofisi ya serikali ilikuwa na saa iliyosogezwa mbele kidogo, ili taifa liwahi kufika.

Katika nchi hiyo palikuwa na Shirika la Viwanja na Makazi, na Shirika lilikuwa na kompyuta kubwa ambamo viwanja vyote vya taifa viliandikwa pamoja na wenyewe. Kompyuta ile ilikuwa na tabia moja mbaya: ilifikiri kabla ya kujibu. Ukimuuliza karani nani mmiliki wa kiwanja fulani, karani alibonyeza, kisha mkasubiri wote wawili. Wazoefu walikuja na chakula chao. Inasemekana wapo waliochumbiana kwenye foleni ile na kuoana, ingawa habari hiyo Shirika liliikanusha kwa tamko rasmi.

Siku moja akafika pale Waziri wa Kasi na Mambo Yajayo, Mheshimiwa Daktari Injinia Bonaventura Kishindo, kutafuta kiwanja cha mradi wa taifa. Karani akabonyeza. Mheshimiwa akasubiri kama mwananchi. Watu waliokuwepo wanasema hawajawahi kuona uso wa kiongozi ukibadilika vile bila kuwepo uchaguzi.

"Hii inafanya nini?" aliuliza.

"Inatafuta, Mheshimiwa," alijibu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika, Bwana Pantaleo Sambuli, ambaye alikuwa amesimama nusu, hajui kama anaruhusiwa kunyooka.

"Inatafuta wapi?"

"Kwenye data zote, Mheshimiwa. Tangu uhuru."

"Tangu uhuru!" Waziri akashika kiuno. "Kumbe ndiyo maana nchi haiendi. Mnabeba vitu vya tangu uhuru, halafu mnataka kukimbia?"

Bwana Pantaleo akakubali kwamba ni kweli, walikuwa wanabeba.

Wiki hiyohiyo ikatoka Amri ya Wepesi. Amri ilisema kwamba kumbukumbu yoyote ambayo haijaguswa kwa muda wa miaka mitano ni data iliyolala, na data iliyolala haina haki ya kuchelewesha data iliyo macho. Itatolewa kwenye mfumo na kupelekwa Hifadhi ya Milele, jengo jipya lenye kuta nene na ubaridi wa kutosha, ikatunzwe humo kwenye kanda maalumu za sumaku kwa heshima zote. Redio ya taifa ikawatuliza wananchi: hakuna kitakachofutwa, hakuna kitakachotupwa. Data inapumzishwa.

*

Kazi ya kuipumzisha alipewa Tumsifu Mavere, ofisa wa mifumo, mtu wa makamo, mpole, mwenye mashati yaliyonyooshwa vizuri na sauti ya kuombea radhi hata anapotoa salamu. Alikuwa stadi wa kazi yake, na alipenda kukaa na watu vizuri. Mambo hayo mawili yalikuwa hayajawahi kugongana mpaka siku ya kikao cha maandalizi.

Pale kikaoni Tumsifu aliinua mkono. "Samahani, naomba kuuliza. Kumbukumbu ya kiwanja huguswa mtu anapouza, anaposhtakiwa, anapogombana na jirani au anapokuja kulalamika. Sasa ile isiyoguswa, si ndiyo ya mtu aliyetulia tu nyumbani kwake, asiye na tatizo?"

Kikao kikamtazama. Bwana Pantaleo akatabasamu kwa huruma.

"Bwana Tumsifu, kama hana tatizo, anafanya nini kwenye mfumo wetu?"

Watu wakacheka, na Tumsifu naye akacheka, maana hakutaka kuonekana amenuna. Kesho yake akaanza kazi. Alitenganisha walio macho na waliolala, akawahamisha waliolala mtaa kwa mtaa, na kwa kuwa alikuwa mtu makini, hakupoteza hata jina moja. Kila jina lilifika kwenye kanda salama.

Siku ya kuzifunga kanda ilikuwa sikukuu. Bendi ya magereza ilipiga. Kanda zililetwa juu ya mito ya mahameli, zimebebwa na wafanyakazi bora wa mwaka, na kiongozi wa dini wa zamu akaziombea uzima. Waziri Kishindo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Mataifa mengine yanahifadhi data kwa miaka kumi. Mengine, yenye majigambo, miaka mia. Sisi tumehifadhi milele! Na ninawahakikishia, data hizi ziko salama kiasi kwamba hata sisi wenyewe hatuwezi kuzifikia!"

Makofi yalivuma. Tumsifu, aliyekuwa mstari wa pili akisubiri nishani, alianza kupiga, akasita, kisha akapiga pamoja na wengine.

Mfumo nao, ulipotuliwa ule mzigo, ukawa mwepesi ajabu. Karani alikuwa hajamaliza kuandika swali, jibu limeshatoka. Watu hawakuwa tena na muda wa kuchumbiana. Waziri alirudi kwenye kaunta ileile, akauliza kuhusu viwanja vitupu katika mji mkuu, na skrini ikamwagika viwanja, mistari juu ya mistari. Hakuna aliyewahi kujua kwamba mji uliojaa watu namna ile ulikuwa na nafasi kubwa hivyo.

*

Ilikuwa asubuhi ya kawaida Tumsifu alipoona dada yake anaingia ofisini, nyuzi za sufi zimemganda kwenye gauni.

Eliwaza alikuwa dada yake wa kwanza. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyembeba Tumsifu mgongoni, akamsomesha kwa kufuma sweta za shule, na mpaka leo alimtazama kama mtu ambaye huenda hajala. Aliolewa, akafiwa na mume, na mume akamwachia nyumba ya vyumba vitatu huko Mtaa wa Migomba. Humo alikaa na mashine yake ya kufumia, hana neno na mtu. Hakuwa amewahi kuja ofisini kwa mdogo wake.

"Dada! Kuna msiba?"

"Sijui kama ni msiba. Kuna watu wamekuja kwangu wamechora alama nyekundu ukutani. Nimewauliza nyie akina nani, wakasema wao wanapima kiwanja kitupu. Nikawaambia mbona mimi nipo ndani nafuma? Wakanijibu, mama, sisi hatuangalii ndani, tunaangalia mfumo." Akavuta kiti, akakaa. "Basi nikasema, mfumo si ndio wa Tumsifu? Ngoja niende kwa mdogo wangu."

Tumsifu aliandika namba ya kiwanja. Jibu lilikuwa limetoka kabla hajaondoa kidole. KIWANJA KITUPU. MMILIKI: HAKUNA.

Hakuwa na haja ya kutafuta sababu. Aliukumbuka ule mchana alipouhamisha Mtaa wa Migomba. Alikuwa akinywa chai, na aliona majina yakipita kwa maelfu kwenye skrini kama mchanga unaomwagwa kwenye ndoo.

"Umeniona?" aliuliza Eliwaza.

"Dada, wewe upo. Ila uko Hifadhi."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ndiyo sababu yenyewe."

Eliwaza alifikiri. Kisha akafungua pochi, akatoa hati ya nyumba, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, ina mihuri na sahihi ya kamishna wa enzi hizo. "Si hii hapa? Niwaonyeshe hii."

Wakaenda pamoja kaunta, kwa karani anayeitwa Shukuria, binti mcheshi aliyekuwa akipaka rangi kucha kwa sababu mfumo ulimwachia muda mwingi. Shukuria akaiangalia hati pande zote mbili, akaandika namba yake, akasikitika.

"Mama, hati ni nzuri kweli. Zamani walikuwa wanaandika vizuri. Lakini mfumo hauijui."

"Imetoka hapahapa ofisini kwenu."

"Ndiyo, mama, na nembo naiona. Ila Mkurugenzi ametuelekeza kwamba karatasi ni kivuli na mfumo ndio mwili. Sasa mimi nina kivuli hapa, mwili siuoni." Akaipiga muhuri wa HAILINGANI, taratibu, asije akaichana, akamrudishia kwa mikono miwili.

*

Tumsifu akapanda ghorofani kwa Bwana Pantaleo. Alijieleza kwa adabu. Aliomba kanda moja tu isomwe, jina moja tu lirudishwe.

"Nakuelewa kabisa," alisema Mkurugenzi, na kwa kweli alionekana kuelewa. "Data ya dada yako ni salama. Hilo usiwe na wasiwasi nalo."

"Najua ni salama, mzee. Nataka kuitoa."

"Aa." Bwana Pantaleo akaegemea kiti. "Kuna mashine ya kusomea kanda. Au tuseme ilikuwepo. Unajua, tangu tuinunue ilikuwa haijaguswa kwa zaidi ya miaka mitano, maana hatukuwa na kanda. Amri ya Wepesi ilipotoka, ukaguzi ukaikuta. Ikaingia kwenye mnada wa vyuma chakavu."

"Tuagize nyingine."

"Kampuni iliyoitengeneza imeacha kuzitengeneza. Inatengeneza za aina mpya, na aina mpya haisomi kanda za aina ya zamani."

"Basi niandike kwa Kamati ya Urejeshaji. Ipo kisheria, niliona kwenye kanuni."

"Ipo," alikubali Bwana Pantaleo, na hapa sauti yake ikashuka. "Ila haikuwahi kukutana, kwa hiyo kumbukumbu yake nayo ilikuwa imelala. Wewe mwenyewe uliihamisha, Tumsifu. Mwenyekiti, katibu na wajumbe wote. Na ulifanya kazi safi sana, Mheshimiwa mpaka leo anakusifu."

Tumsifu alishuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Alikuwa amezoea matatizo ambayo mtu akikaa nayo, akaandika amri hii na ile, yanatatulika. Hili lilikuwa limefungwa pande zote, na aliyelifunga ni yeye, tena vizuri.

Alimkuta dada yake bado yuko kaunta, anaongea na Shukuria kama watu waliokutana saluni.

"Nilikuwa namuuliza huyu binti," alisema Eliwaza, "mtu anaingiaje kwenye huo mfumo upya. Ananiambia kuna njia nne."

"Kuzaliwa, kununua, kufa na kukosa," alihesabu Shukuria kwa kucha zake mpya.

"Kuzaliwa nimeshazaliwa. Kununua siwezi, nitanunuaje nyumba ambayo ni yangu? Kufa bado nina sweta za watu. Limebaki kosa. Hebu binti, kosa dogo kabisa mlilonalo ni lipi?"

"Dada," alisema Tumsifu.

"Wewe nyamaza. Umeshasaidia."

Hakulisema kwa ubaya, lakini lilimwingia Tumsifu mpaka ndani.

Shukuria aliangalia orodha ya makosa. "Kutema mate kwenye ngazi za Shirika."

Eliwaza akashukuru, akajitanda kanga, akatoka nje. Pale kwenye ngazi alisimama wima kama anayetaka kuimba, akatema. Mlinzi, mwanamume mzima mwenye mwili mkubwa, akaangalia pembeni.

"Baba, hukuona?" aliuliza Eliwaza.

"Nimeona, mama, lakini sikuona vizuri. Huenda ulikuwa unakohoa."

"Sikuwa nakohoa." Akatema tena, akahakikisha kwamba yametua kwenye nembo ya taifa iliyochorwa sakafuni.

"Mama yangu, kwa nini unanifanyia hivi?" alilalamika mlinzi. "Mimi nina mama wa rika lako. Nitakuandikaje?"

"Niandike tu, mwanangu. Nakuomba. Niandike vizuri, na jina la baba usilisahau."

Mlinzi akamwandika kwenye kifaa chake huku machozi yakimlengalenga. Jina: Eliwaza Mavere. Kosa: mate. Makazi: Mtaa wa Migomba, na namba ya kiwanja. Akabonyeza.

Mfumo, ambao sasa ulikuwa mwepesi kama unyoya, haukuchelewa. Ulimpokea Eliwaza kama mtu mpya, ukatazama makazi yake, ukaona kiwanja ni kitupu, ukatazama tena mtu anayedai kuishi juu ya kiwanja kitupu, na ukajua la kumwita. Karatasi ilianza kutoka kwenye mashine ya kaunta kabla hawajarudi ndani. Shukuria aliisoma, tabasamu lake likaisha.

"Mama, umeingia," alisema. "Sasa unaonekana."

"Nimeonekana kama nani?"

Shukuria akamtazama Tumsifu ili yeye aseme, na Tumsifu akamtazama Shukuria. Mwishowe Eliwaza aliichukua karatasi, akaisomea mwangani, midomo ikicheza polepole. Ilisema yeye ni mvamizi. Ilisema pia kwamba, kwa mujibu wa Amri ya Wepesi, wavamizi huondolewa bila kucheleweshwa.

*

Eliwaza hakucheleweshwa. Tumsifu aliandika barua, akabisha hodi kwenye milango, akasubiri kwenye makochi ya wakubwa, na kila mahali alipokelewa vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba amekosea. Wote walikubali kwamba nyumba ni ya dada yake. Mmoja hata alilia naye. Kisha kila mmoja alibonyeza, akasoma, akafungua mikono kuonyesha kwamba haina kitu.

Siku moja kabla ya tingatinga kufika, alikwenda Mtaa wa Migomba na pikapu ya kukodi. Alibeba mashine ya kufumia, kitanda, masufuria, picha ya shemeji yake na magunia ya sufi. Eliwaza alifagia nyumba yote, chumba kwa chumba.

"Dada, wanakuja kuivunja kesho."

"Najua. Sasa waikute chafu?"

Akamaliza kufagia, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia ufunguo pochini.

Mradi wa taifa uliohitaji kiwanja kile uligeuka kuwa Kituo cha Pili cha Hifadhi ya Milele. Kile cha kwanza kilikuwa kimejaa, kwa sababu data nyingine nyingi zilikuwa zimeendelea kulala. Waziri Kishindo alikuja kuweka jiwe la msingi. Matofali ya nyumba yalikuwa yamesukumwa nyuma ya pazia la bendera.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mahali hapa palikuwa patupu! Tazameni sasa!"

Majirani wa Eliwaza walipiga makofi. Kumbukumbu zao nazo zilikuwa hazijaguswa siku nyingi, na hakuna aliyetaka kuonekana hapigi.

Kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyeijua kazi ya kupumzisha data kumshinda Tumsifu, aliteuliwa kuwa msimamizi wa Kituo. Alikwenda kukataa. Bwana Pantaleo alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba uteuzi umeshaingia kwenye mfumo.

*

Mwezi ule wa kwanza wa Kituo, Eliwaza alimletea mdogo wake chakula cha mchana. Alikuwa akiishi kwake sasa, mashine ya kufumia imewekwa koridoni, na kila aliyetaka kwenda chooni ilibidi apite kwa ubavu. Getini mlinzi aliandika jina lake, kifaa kikalia na kuwaka nyekundu. Mvamizi wa kiwanja hiki. Haruhusiwi kuingia.

Tumsifu akatoka nje. Wakakaa kwenye ukingo wa mtaro, hotipoti katikati yao, wakala ugali na mlenda. Ubaridi wa mashine ulipenya ukutani mpaka barabarani, na Eliwaza alivuta kanga mabegani.

"Kanda zetu zimeletwa hapa?" aliuliza. "Za mtaa wetu?"

"Zimeletwa wiki iliyopita."

"Kwa hiyo nimo humo ndani."

"Umo, Dada."

"Nimeandikwaje?"

Tumsifu alijua kumbukumbu zile zilivyopangwa, hakuhitaji kuzisoma. "Eliwaza binti Mavere, mjane. Mmiliki halali. Nyumba moja, vyumba vitatu, jiko la nje, mpera mmoja uani."

"Na mpera upo?"

"Upo."

"Na hakuna anayeweza kuja kunibomolea?"

"Hakuna, Dada. Huko hakuna anayeweza kugusa kitu."

Eliwaza alikusanya vyombo, akapangusa kijiko kwa pindo la kanga, akafunika hotipoti akaikaza. Mlinzi alikuwa ameshafungua geti, anamsubiri msimamizi.

"Haya, nenda kazini," alisema Eliwaza akinyanyuka. "Ukifika ndani, nisalimie mwenye nyumba."